Jeni ya Mama Haikuwa na Kosa

Mama,

Shikamoo, hata kama hakuna wa kuniitikia.

Siku hizi kahawa yetu inanunuliwa na watu binafsi. Magari yao yanapanda hadi shambani, Mbinga, na ghala la ushirika limefungwa. Ungegombana nao wote. Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie.

Daktari alipokuomba kipande cha uvimbe wa titi lako kibaki kwa uchunguzi, ulimwambia, "Chukueni. Kimenitesa mimi, sasa kiwafundishe ninyi." Basi kilifika huku Ulaya, katika maabara ninayosomea. Tunachunguza kansa za watu wengi, tukitafuta kosa kwenye jeni moja. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi kinachokaa ndani ya kiini cha seli; homoni ikikifikia, ndicho kinachoiamuru seli ikue au itulie. Mwalimu wangu aliniuliza kama kipande chako akisome mwingine. Nikakataa.

Mikono ilikuwa kazini, roho ilikuwa kwa Koleta. Mdogo wangu alikuwa amegusa kivimbe kigumu kama punje ya hindi kwenye titi lake, kule Chiwanda, ziwani, alikoolewa. Nilimsihi aende hospitali. Alipopanda Mbinga kupokea simu yangu posta, akasema, "Dada, Mama alipasuliwa akafa. Soma kwanza kipande cha Mama. Kikiwa salama, na mimi niko salama."

Filamu inayoonyesha jeni yako ilipotoka niliifuata mistari yake myeusi mmoja mmoja. Nikarudia jaribio zima. Jeni yako haikuwa na kosa, Mama. Nzima kabisa. Na mimi nikaogopa kuliko mwanzo, maana nilijua Koleta atalisikia neno hilo moja, "nzima," kisha ateremke zake ziwani kuanika dagaa wake wa usipa.

Nilifikiria kumdanganya. Kusema kosa nimeliona, ili akimbilie hospitali. Nilikuwa nimeshika simu tayari...

Nikashindwa. Nikamwambia, "Koleta, tumesoma jeni moja kati ya nyingi mno. Kilichomuua Mama bado sikijui. Na hicho chako hakuna aliyekisoma."

Nilisikia pumzi yake, na watu wakibishana pale posta.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mdogo wangu."

"Basi wakikate. Kama hata wewe hujui, mimi nakaa nacho kwa ujasiri gani?"

Wakakikata. Ilikuwa kansa, Mama, ila changa, haijafika kwapani. Sasa anapona. Analalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari, na shemeji ameanza kumwogopa tena kama zamani.

Lala, Mama. Kesho naanza jeni nyingine. Siahidi kwamba nitakipata kilichokuchukua. Naahidi hili: Koleta akiniuliza, au binti yake akiniuliza, sitaficha ninachokijua, wala sitaona haya kusema sijui.

Mwanao,
Skola