Baba Mkwe Ananigongea Ukuta Kila Asubuhi

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana maji yamenifika shingoni na humu ndani hakuna wa kumwambia. Mimi ni mpiga pasi katika duka la dobi, nimeolewa na fundi magari, na kanisani naimba sauti ya kwanza, si kwamba najisifu, lakini mwalimu wetu wa kwaya akigonga meza mara tatu mimi ndiye ninayeingia bila kuyumba na wenzangu wananifuata, kila mtu anajua. Kumtumikia Mungu sikuanza jana. Jumatatu nina kamati ya akina mama, Jumatano maombi, Alhamisi na Jumamosi mazoezi, Jumapili ibada zote mbili, sasa niambie hapo nani anaweza kusema sina ibada.

Tatizo ni baba mkwe. Alipata kiharusi mwaka jana, mkono mmoja ukapooza na maneno yakamgandia mdomoni, akitaka maji anasema "mma", akitaka mengine ananyoosha kidole, tukamchukua tukae naye na mimi sikukataa, muulize mume wangu, namwogesha, namlisha, shuka zake nazinyoosha kama za mgeni wa hoteli. Lakini mzee huyu aliongoza kwaya miaka thelathini, mwenyewe akiimba sauti ya nne, na bado anadhani nyumba yangu ni kanisa. Kila asubuhi saa kumi na mbili kasoro, nipo jikoni nahangaika na chai, nguo za kazi sijavaa na saa moja natakiwa niwe mbele ya pasi, ndipo naisikia fimbo yake ukutani, ko, ko, ko, kisha kimya. Mara ya kwanza niliingia mbio nikidhani ameanguka, nikamkuta amekaa kitandani ananitazama, ule mkono mzima ameuinua hewani, kitabu cha nyimbo kiko mapajani. "Baba, unataka nini?" Akanionyesha kitabu. Nikamwambia, "Baba, nachelewa kazini." Kurudi tu jikoni, ko, ko, ko, kimya. Ikawa ndiyo kila siku! Mume wangu anasema, "Mwimbie hata ubeti mmoja, utapungukiwa na nini?" Nimemweleza kwamba mwalimu ametukataza kuimba ovyo asubuhi kabla koo halijapata joto, sauti inatunzwa, haimwagwi jikoni kwenye moshi wa mafuta.

Wiki iliyopita damu ikanichemka. Nimeungua mkono kwa birika, na yeye huyo anagonga. Nikaenda nikasimama mlangoni nikampa, "Baba, ibada ina siku yake na mahali pake, na hapa sipo. Niache nifanye kazi!" Nikamnyang'anya fimbo nikaiweka nyuma ya kabati. Tangu siku hiyo hagongi. Chai yangu haigusi, anageukia ukutani mpaka mwanawe aje kumnywesha. Na mume wangu sasa anaamka kabla yangu kwenda kumwimbia, mume wangu huyu ambaye kanisani hufungua mdomo tu ili watu wasimshangae, ana sauti ya gari lililokataa kuwaka, na nikiingia na chai wote wawili wananyamaza, kana kwamba mimi ndiye sijaokoka! Jumapili mwalimu kagonga meza mara tatu, nikafungua mdomo, Mshauri, hakikutoka kitu.

Nimempigia wifi yangu aje Jumamosi amchukue mzee akakae kwake. Mume wangu hajanisemesha tangu juzi. Je, nakosea kutaka amani nyumbani kwangu?

Ni mimi, Sauti ya Kwanza niliyechoka.

*

Mwanangu Sauti ya Kwanza,

Umechoka, nimekuelewa. Anayemwogesha mgonjwa kisha akasimama mbele ya pasi siku nzima ana haki ya kuchoka, na pole kwa mkono ulioungua. Huruma yangu inaishia hapo, kwa hiyo tafuta kiti ukae.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimeshika kichwa. Umeniambia mwenyewe kwamba mwalimu akigonga mara tatu, unaingia. Ukaniambia tena kwamba mzee aliyeongoza kwaya miaka thelathini anagonga mara tatu, ananyamaza, na mkono wake uko juu. Ulidhani anafukuza nzi? Alikuwa anakuanzishia! Ulimi umekwama, kuanza wimbo hawezi, lakini kugonga anaweza. Kile kimya kilichokuudhi kilikuwa nafasi yako ya kuingia. Kila asubuhi mzee wa watu amekaa mkono juu anaisubiri sauti ya kwanza, na sauti ya kwanza iko jikoni inatunza koo. Mumeo na sauti yake ya gari bovu ameingia. Wewe umechukua fimbo, na fimbo ile ndiyo sauti pekee iliyombakia.

Na hili la ibada kuwa na siku yake, nani alikudanganya? Ratiba yako nimeiona, hata mimi nimechoka kuisoma. Lakini Mungu unayemwimbia Jumapili ukiwa ndani ya joho lililonyooka ndiye huyo huyo anayekuona Jumanne nywele hujachana unagombana na birika. Au Jumanne huwa humjui? Shuka za mzee unazinyoosha vizuri, na niamini, hapo ulikuwa unaabudu bila kujua, tena hakuna aliyekupigia makofi. Ndiyo maana ikanishangaza kwamba ubeti mmoja usiosikiwa na waumini umekushinda. Sauti yako haijapotea, mwanangu. Imeona aibu, na kusema kweli ina sababu.

Sasa nisikilize. Leo hii mpigie wifi yako, mwambie Jumamosi aje kusalimia, si kuhamisha mtu. Nyumba ambayo watu wananyamaza ukiingia haina amani, na mzee akiondoka kimya hicho utabaki nacho wewe. Jioni toa fimbo nyuma ya kabati, umpe kwa mikono miwili, umwambie, "Baba, nisamehe, sikujua kwamba unanianzishia." Ishia hapo. Usiongeze "lakini", nakufahamu. Akilia, mwache alie, na wewe ukitaka lia.

Kesho asubuhi usitegemee kwamba atagonga. Mtu ukishamzima mara moja haanzi tena kirahisi. Kwa hiyo chukua mwiko, gonga ukuta wa jikoni mara tatu, nyamaza kidogo, kisha uingie. Koo baridi, moshi wa mafuta, chai jikoni, wewe ingia. Ukiona utachelewa kazini, amka mapema kidogo, kwa kamati huwa unaweza. Mumeo atadakia na ule mngurumo wake, mvumilie, yeye amekuvumilia zaidi. Na katikati ya ubeti ukisikia "mma, mma" kutoka chumbani, usikimbilie maji. Hiyo ni sauti ya nne.