Vitabu vya Kabondo-Dianda Vilitoka

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Kitambaa, vumbi la kabati, chai. Kisha ripoti. Jumamosi wakuu wa maktaba za jimbo tunakutana hapa Kamina, na mimi sekretere njo ninakusanya makaratasi ya wote. Kazi hii sikuisomea. Niliiokota kwa kuchungulia wenzangu.

Karatasi ya ripoti niliibuni mwenyewe. Vilivyoingia. Vilivyotoka. Vilivyobaki. Ninajivunia.

Ya Papa Kalenga wa Kabondo-Dianda imefika leo. Vilivyotoka: vyote. Vilivyobaki: sufuri.

Vyote! Mchwa? Mvua? Wauza karanga? Nimempigia. Simu imezimwa.

Jumanne, tarehe 5

Nimempelekea karatasi hiyo Mama Ngoie, prezidante wa ushirika wetu. Alikuwa mkuu wa shule ya Wamethodisti. Mbele yake hata kivuli changu kinanyooka. Amesoma mara mbili. "Maktaba bila kitabu ni depo, ghala tu."

Sheria yetu inasema hivyo hivyo: asiye na vitabu anatoka katika ushirika. Na Jumamosi tunagawana makartoni ya vitabu vipya, wanachama tu. Kalenga anangoja kartoni lake tangu mwaka jana.

Nimeandika pointi ya nne ya mkutano: kumtoa Kalenga wa Kabondo-Dianda. Mwandiko mzuri. Moyo mbaya.

Ijumaa, tarehe 8

Kalenga amefika kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku mbili za barabara mbaya. Ametuletea samaki wakavu. Amekula bukari, ugali wetu, akicheka, akaulizia ukubwa wa makartoni, maana pikipiki ni moja.

Pointi ya nne sikumtajia. Mwoga mimi. Nampenda mtu huyu, na bado niliamini haraka kwamba ameharibu vitabu. Hiyo njo inanikera.

Jumamosi, tarehe 9

Pointi ya nne. Mama Ngoie amevua miwani.

"Papa Direkta, bitabu iko wapi?"

"Bilitoka, Mama."

"Bilitoka kwenda wapi?"

"Kwa bantu! Bikibaki mu nyumba, miye niko direkta wa nini? Wa mapanya?"

Watu wamecheka. Mimi sikucheka. Nimeangalia karatasi yangu. "Vilivyotoka" kwangu ni vilivyokufa: vimechanika, vimepotea, vimeliwa. Kwake ni vilivyokwenda kusomwa. Na sikuweka mahali pa kuandika vinavyosomwa. Hakuna mkuu aliyelalamika mpaka leo. Sababu inaonekana: vyetu vyote viko kabatini, visafi, na ufunguo uko mfukoni.

Nimesimama nikasema kosa ni langu. Mama Ngoie amenigeukia. "Na weye, Sekretere, bitabu ngapi iko kwa bantu?"

"Hata kimoja, Mama."

"Eeh. Sentinele muzuri."

Mlinzi wa kabati. Nilistahili.

Lakini sheria ni sheria, na yeye anaipenda kama mtoto wake wa mwisho. Vitabu havikuonekana, kura ipigwe. Kalenga ametoa kaye, daftari lake: jina la kitabu, jina la mtu, nyumba, simu. Mama amesema kaye yoyote inaweza kuandikwa usiku mmoja. Kalenga ameifungua katikati, akaisukuma mbele yake.

Kisha Mama mwenyewe ameweka kidole kwenye jina moja, bila kuchagua, akapiga simu, kwa sauti kubwa ili wote tusikie. Amepokea mkunga wa Kabondo. Mama ameuliza kama kitabu cha maktaba kiko kwake.

"Ah non! Sijamaliza! Ambia Papa Kalenga aniachie posho moja tena, siku saba tu. Arudi Jumamosi ile ingine. Na asinitumie bantu bakubwa kwa kunitisha!"

Simu imekatika. Alikata yeye.

Mama Ngoie amevaa miwani tena. Amechukua kalamu yangu, akafuta pointi ya nne kwa mistari miwili ya rula. "Sekretere. Ongeza mustari kwa karatasi yako."

Jumapili, tarehe 10

Kalenga ameondoka baada ya ibada, kartoni nyuma ya pikipiki, yeye amekaa mbele kabisa, karibu kwenye tangi. Ameniacha na samaki aliyebaki na mshiko wa mkono uliouma.

Nimebeba vitabu vitano kutoka maktabani mpaka nyumbani, nijaribu kuazimisha. Mke wangu amechukua kimoja. Nimeandika jina lake lote, kama mgeni. Amesaini.

Saa nane sasa. Majani ya sombe hayajawekwa motoni. Nasikia ukurasa unageuzwa.

Ninakwenda kuwasha moto mwenyewe.