Fomu ya Isnino

Nyumba ya nyuma ya soko la mbuzi,
Mwingi.
Jumapili, 24 Agosti 2025.

Mpendwa Shangazi Ismahan,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yako, Shangazi? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama kutwa na wagonjwa umepata nafuu? Maji yamerudi hapo Wajir, au bado mnanunua ya mkokoteni? Na Babu Ahmednasir bado anawafukuza wauguzi wenzako wakitaka kumpima presha? Sisi sote tu wazima, alhamdulillahi. Isnino wako ni mzima na amerefuka tena. Sketi mliyoinunua pamoja Aprili imepanda juu, tumempelekea fundi afumue upindo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Lakini unaijua simu ya nyumba hii. Ukipiga tu, Mama anaiweka kwenye spika juu ya meza ya jikoni, Jamal anaingia na maswali yake, Baba anapiga kelele kutoka sebuleni kana kwamba Wajir ni kiziwi, na mwisho wake hakuna aliyesema alilokuwa nalo moyoni. Nina jambo ambalo siwezi kulisema kwenye spika. Tena kuna karatasi inayohitaji mkono wako mwenyewe. Deeq anaondoka kesho alfajiri na lori lake, na ameniahidi atakukabidhi bahasha hii wewe, si mlinzi wa zahanati.

Nitalifikia jambo lenyewe. Nimeanza barua hii mara tatu, na kila mara nimeinuka kwenda kufanya kazi isiyokuwepo.

Likizo imepita kama upepo wa vumbi. Tangu nipate leseni, Baba amenikabidhi pikapu, na Agosti yote usukani haujatoka mkononi mwangu. Nimempeleka mnada wa Nuu mara mbili kununua mbuzi. Wamekonda, Shangazi. Kiema, yule anayetuchungia, anasema kwenye mto wa mchanga sasa wanachimba maji mpaka kichwa cha mchimbaji hakionekani. Mnadani wazee walinicheka niliposhuka na funguo. "Leo mbuzi wameletewa rubani!" alisema mmoja wao. Baba akamjibu, "Na wewe panda nyuma pamoja nao, nauli ni moja." Nilicheka, lakini njiani kurudi niliipitiliza kona ya nyumbani, na Baba akaniuliza kama nina homa.

Nilienda Matinyani pia, kuchukua magunia ya ndengu ya dukani. Gurudumu likapasuka katikati ya njia. Nililibadilisha mwenyewe, jua likiwa utosini, na nakuambia kweli, ilikuwa nusu saa yangu nzuri kuliko zote mwezi huu. Mikono ilikuwa na kazi, kichwa kikanyamaza. Nikitulia tu, kinaanza. Ni miaka miwili sasa tangu nimalize chuo na bado nangoja nafasi ya ualimu, na sijui kama kungoja kumenifundisha subira au kumenitia ukali.

Jamal yuko Gredi ya Nne na walimu wake hawatuonei huruma. Kazi yake ya likizo ilikuwa kutengeneza sanamu ya kufukuza ndege. Akaivika kanzu ya zamani ya Baba na kofia, akaisimamisha kando ya mlango wa duka. Mteja mmoja aliitolea salamu mara mbili, kisha akaingia ndani kulalamika kwamba duka hili limeajiri mtu mwenye dharau. Baba amekataa sanamu isiende shule. Anasema inamfaa kuliko wafanyakazi wake.

Sasa nikueleze ya Makueni, maana ndiko jambo hili lilikonilemea.

Mama mkubwa Ruqiya alianguka akavunjika mguu, basi wiki iliyopita tukaenda kumwona Wote. Tulipita Kitui na Machakos, Mama akisoma dua kila tulipolipita lori. Mama alibaki kule kumuuguza dada yake. Nikawa narudi na Isnino na Jamal. Hata mji hatujautoka, Isnino akanigusa bega. "Dada, tukunje kona hapo juu kidogo tu. Nataka kuiona shule yangu."

Alisema shule yangu.

Iko juu ya kilima, shule ya wasichana ya bweni, na kwa sababu ya likizo langoni alikuwepo mlinzi peke yake, mzee anayeitwa Mulinge. Isnino alishuka kabla sijazima gari. Unajua mtoto wako hasemi na wageni. Siku hiyo alisema.

"Unaitwa nani, msichana?" mzee akamuuliza.

"Isnino."

"Isnino? Hiyo jina ni ya Wakamba wa wapi?"

"Wakamba wa Mwingi," akajibu, uso mkavu kabisa.

Mzee alicheka mpaka akashika lango. "Basi utaweza hapa. Hapa ni muthokoi, Jumatatu mpaka Jumatatu."

"Nimelelewa Mwingi, mzee. Siwezi kutishwa na mahindi na maharagwe."

Kisha akauliza alilolijia. Kumbe mwaka jana, mashindano ya shule yalipofanyika Kitui, Isnino alikuwa kwenye umati uliotazama voliboli. Timu ya shule hiyo ilikuwa na msichana mwenye hijabu, jezi namba tisa, na alipopiga mpira wa kuanzisha, uwanja wote ulinyamaza. Isnino hakutuambia. Amekaa na jambo hilo mwaka mzima, akipiga mpira wa Jamal kwenye ukuta wa stoo, nasi tukimkemea kwa kelele.

"Yule namba tisa bado yuko?" akamuuliza mzee.

"Yule mrefu? Yuko fomu foo. Novemba anamaliza, anaenda."

"Basi jezi itabaki wazi," Isnino akasema, akageuka kunitazama, anacheka.

Shangazi, sikuweza kucheka naye. Nilijifanya nakagua mafuta ya gari.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa sita shule ilileta nyumbani fomu ya kuchagua shule za mwakani, za Gredi ya Kumi. Isnino aliijaza kwa penseli, na shule hiyo ya Makueni akaiweka ya kwanza. Akanipa mimi niipitishe kalamu ya wino. "Mwandiko wako ni mzuri, dada. Mimi nitaharibu." Nilikaa na fomu hiyo alasiri nzima. Kisha nikachukua kifutio. Nikafuta shule ya Makueni, na nyingine zote za mbali, nikaandika kwa wino shule za kutwa za hapa Mwingi na nyingine ambayo angeweza kurudi nyumbani kila Ijumaa. Nikaipeleka dukani. Baba alikuwa anapima misumari, akatia sahihi bila kuinua macho, kama atiavyo kwenye risiti. Nikaitia ndani ya bahasha, nikaipeleka kwa mwalimu mwenyewe. Isnino alinishukuru. Alinipigia pasi hijabu yangu siku ile.

Nilijiambia ninamlinda. Hukuwahi kujua, wala Mama hajui, kwamba mimi nilipopelekwa bweni nikiwa na miaka kumi na minne nililia kila Jumapili kwa mwaka mzima, nyuma ya matangi ya maji, halafu nikinawa na kuwaandikia kwamba nina raha. Nikaona heri asipite nilikopita. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu yake. Nusu nyingine ni kwamba katika nyumba hii yenye watu na kelele, ni mtoto wako peke yake anayejua kukaa karibu nami bila kuniuliza nitapata kazi lini. Akiondoka, nitabaki na nani? Sikutaka kuliuliza swali hilo, nikamfungia yeye mlango badala yangu.

Ulimleta kwetu ili atulie mahali pamoja wakati wewe unahamishwa kutoka zahanati hadi zahanati. Uliniambia, "Bushra, wewe ndiye macho yangu." Macho yako yaliona akiandika kwa penseli, yakafuta.

Tuliporudi kutoka Makueni sikungoja shule zifunguliwe. Jumatano asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Kavindu, anayeshughulika na fomu za Gredi ya Tisa, nikamkuta akianika nguo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikaribisha kiti.

"Wewe si umesomea ualimu?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Mtoto akikuletea kazi yake uisahihishe, unamwandikia yako?"

Akaendelea kubana nguo kwenye kamba mpaka beseni likaisha. Kisha akaingia ndani akatoka na fomu ya mabadiliko. Badiliko ni moja tu, haliwezi kurudiwa. Na kwa kuwa sahihi ya mlezi ilishatumika ya kwanza, safari hii lazima iwe ya mzazi mwenyewe, pamoja na nakala ya kitambulisho. Siku ya mwisho ni Ijumaa, tarehe tano Septemba. Baada ya hapo, nilichoandika mimi ndicho kitakachobaki.

Ilibaki kumwambia Isnino. Alhamisi alasiri tulikuwa sakafuni tukifunika vitabu vyake kwa karatasi ya kaki, mimi nikikata, yeye akibandika. Nilimwambia bila kupamba. Nikamwambia na ya matangi ya maji, nikidhani yatamlainisha.

Aliendelea kubandika mpaka kitabu kikaisha. Ndipo akaniambia, polepole, "Aliyelia ni wewe, dada. Mimi hata sijaenda."

Akanyoosha mkono nimpe kalamu.

Fomu iliyo humu ndani ameijaza yeye, kwa wino, kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwandiko wake umelala upande na kuna mahali wino umechafua, lakini Mwalimu Kavindu amesema unasomeka. Sikushika chochote. Nilimshikia rula tu, tena kwa kuwa aliniambia niishike.

Tangu siku hiyo ananiambia yale ya lazima. Pitisha gundi. Mama anakuita. Soksi zangu ziko wapi. Jamal ametushangaa, akauliza kama tumefunga kula au tumefunga kusema. Jana nilimsikia Isnino anapiga mpira ukutani tena, na hakuna aliyemkemea.

Baba nimemwambia. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alikaa akaishika miwani yake, akasema, "Na mimi nilitia sahihi." Sasa anasoma kila karatasi inayopita mbele yake. Jana alisoma karatasi ya kufungia mkate, pande zote mbili, Mama akamwambia chai itapoa.

Nakuomba basi, Shangazi. Tia sahihi chini upande wa kulia, palipo na alama ndogo ya penseli, ambatisha nakala ya kitambulisho, na umrudishie Deeq. Anageuza Alhamisi, na amesema atapita kwako kabla ya kupakia. Kama unaona Makueni ni mbali mno, au kama una sababu ya mzazi ambayo mimi siijui, usitie sahihi, lakini mwambie Isnino wewe mwenyewe. Asiambiwe na mimi. Na kama umenikasirikia, una haki. Nigombeze kwenye spika, wote wasikie, sitatoa sauti.

Kesho shule zinafunguliwa. Sare zimepigwa pasi, viatu vya Jamal vimepata kamba mpya baada ya yeye kumfungia mwana-mbuzi zile za zamani. Isnino amebakisha muhula mmoja tu wa Gredi ya Tisa, nami nitampeleka asubuhi kama kawaida. Sijui kama atakaa mbele au nyuma na mabegi.

Baba anakusalimu sana, naye ameniagiza niandike kwamba anakuomba radhi kwa sahihi yake. Mama amerudi jana kutoka Wote na anakusalimu, anasema umtumie ile dawa ya kusugua kwa ajili ya mguu wa Mama mkubwa Ruqiya. Jamal anauliza kama Wajir wana ndege wa kutosha kufukuzwa. Nisalimie Babu Ahmednasir na umbusie kichwa chake, nisalimie jirani yako Dirie na watoto wake wote, na yeyote anayeniulizia.

Mwenyezi Mungu akupe afya na usingizi mzuri, akulinde barabarani unapowafuata wagonjwa, na akusamehe wewe kwa kutuamini na sisi kwa tulivyoichukua amana yako.

Kabla sijaifunga bahasha, Isnino amekuja akaweka karatasi nyingine ndani yake, imekunjwa mara nne. Hakusema ni ya nini, wala hakuibandika gundi. Imelala hapa mbele yangu tangu alasiri, wazi kabisa. Sikuifungua. Inakujia kama alivyoikunja.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye leo kwa aibu na siku zote kwa moyo wote,

Bushra