Supu ya Mke Wangu Naimaliza Mimi

Bi. Rispa mpendwa, naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana nimekaa na jambo hili wiki saba na sasa limefika mahali ambapo nisipoongea, mtoto wangu ataanza kupewa maziwa ya ng'ombe Jumamosi hii.

Mimi ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kariobangi, nina miaka thelathini na miwili, na mke wangu Kanyiva amejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, tukampa jina la mama yangu, Mbinya. Sisi wote ni watu wa Ukambani, na siku ya tatu tu mama mkwe wangu alifika kutoka Kitui kumtunza binti yake, jambo nililolishukuru sana, ila kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, na mama huyu ni wa zamani kabisa katika mambo hayo, hawezi kuketi sebule moja na mimi sembuse kulala kwangu, kwa hivyo analala Umoja kwa mwanawe Kyule, shemeji yangu, anakuja kwetu nikishaondoka kwenda kazini na jioni kabla sijarudi amekwisha kwenda zake, na tukikutana kwa bahati mbaya pale getini yeye hutazama ukuta nami natazama viatu vyangu.

Sasa kila siku mama huja na thamosi ya lita mbili, supu ya kichwa na miguu ya mbuzi aliyoichemsha tangu alfajiri ili binti yake apate maziwa, anaiacha mezani na maagizo kwamba inywewe jioni, yote, ikiwa moto, kama alivyokunywa yeye na kama alivyokunywa mama yake, na asubuhi yake anachukua thamosi ikiwa tupu na kufurahi. Lakini Kanyiva tangu apate mimba hawezi hata kunusa mbuzi. Siku ya kwanza alijaribu kijiko kimoja akatapika, akaniomba nikaimwage kwenye sinki, na Bi. Rispa, mimi niliibeba ile thamosi mpaka kwenye sinki, nilifika kabisa, lakini nilipofungua kifuniko ile harufu ikanishinda nguvu, nikajimiminia kikombe, nikaongeza chumvi na pilipili, kisha kikombe kingine, na tangu siku hiyo mpaka leo sijakosa hata jioni moja.

Mkanda nilioununua soko la Kariokor mwaka jana nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari wa dukani, na Caleb, kijana tunayefanya naye kazi, aliniuliza mbele ya wateja, "Buda, kwani nani alizaa kwenu, ni wewe ama ni bibi?"

Ningecheka na mimi, ila tangu wiki iliyopita Mbinya analia sana mchana, anataka titi kila wakati, hajamaliza hili anataka tena lile, na matiti ya mke wangu ambayo mwanzoni yalikuwa yamejaa mpaka yanalowesha blauzi sasa yamekuwa laini, basi mama akamwambia akamue kwenye kikombe aone, ikatoka kama vijiko viwili, mama akatazama kikombe, akatazama thamosi, akasema, "Mwili yako imekataa. Wiki saba nimeleta supu na hakuna kitu." Akaamua kwamba Jumamosi ataanza kumpa mtoto maziwa ya ng'ombe, ameshaagiza kwa mtu anayefuga, atayachanganya na maji na sukari kidogo, na Kanyiva hakubisha, atabishaje, itabidi aseme kwamba hakuna supu aliyokunywa, na mama amechoma mkaa wa watu wiki saba.

Mimi si baba wa kukaa tu. Nepi nafua mimi, kila jioni nepi kumi, siku nyingine kumi na mbili, zote zimelowa chapachapa, mpaka wapangaji wenzangu wanalalamika kwamba nimemaliza kamba za kuanikia. Kliniki tulienda wote, wakampima wakaandika kilo 4.6, alizaliwa na 3.1, muuguzi hakusema neno, akaita mwingine, nasi tukarudi nyumbani tukidhani amenyamaza kwa kutuonea huruma.

Jumapili baada ya kanisa nilimkuta Kanyiva ameketi kitandani na mtoto, akaniambia, "Labda ningekunywa tu ile supu. Ningeziba pua nikanywa." Akalia, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Na sasa nikuambie lile ambalo yeye mwenyewe halijui. Siku ya kumi alitaka kumwambia mama yake ukweli, na mimi ndiye niliyemzuia, nikamwambia tusimvunje moyo mama wa watu aliyetoka mbali, nikalisema kwa upole kama mchungaji, lakini Bi. Rispa, sababu haikuwa mama. Sababu ilikuwa supu.

Je, nimemnyima mtoto wangu maziwa kwa ulafi wangu? Na hata nikitaka kukiri, nitakiri vipi kwa mtu ambaye siruhusiwi hata kumtazama usoni? Nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Baba Mbinya, Kariobangi

*

Baba Mbinya,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke na nimeshindwa, nilipofika kwenye pilipili ilibidi niweke miwani chini. Majina nimeyabadilisha ili msiaibike, isipokuwa la yule kijana wa dukani, maana swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Tuanze na hofu yako, ili uitoe. Mimi kabla ya kukaa kwenye ukurasa huu nilikuwa mkunga miaka ishirini na mitatu, na supu za wazazi nimeziona za kila kabila zikipita kwenye mlango wa wodi. Kwetu magharibi tunaleta uji wa wimbi kwa ndoo. Zote ni nzuri, zinampa mama nguvu na zinamwonyesha kwamba anapendwa, lakini hakuna hata moja inayotengeneza maziwa. Maziwa yanatengenezwa na mtoto. Akinyonya, mwili unapata habari kwamba yanahitajika na unaleta mengine, na akinyonya zaidi unaleta zaidi. Mama anachohitaji ni kula chakula cha kawaida akashiba, ugali wake, maharagwe yake, sukuma wiki yake, na kunywa maji kila akisikia kiu. Kwa hivyo hukumwibia mtoto. Ulimwibia mama mkwe wako, na huko tutafika.

Sasa niambie, wewe ni karani wa aina gani? Umeniandikia kwa mkono wako kwamba unafua nepi kumi na mbili zilizolowa, halafu unaniuliza kama mtoto anapata maziwa. Mtoto asiyekunywa kitu kingine chochote, hayo maji unadhani anayatoa wapi? Sita kwa siku zingetosha kunituliza. Na kilo moja na nusu tangu azaliwe, Baba Mbinya, hiyo ni kazi safi sana. Muuguzi hakunyamaza kwa huruma. Alikuwa na foleni mpaka nje na mbele yake kuna mtoto asiye na shida, akaita mwenye shida.

Kilio cha mchana kina maelezo yake. Watoto wengi wakifika wiki ya sita hivi hukua kwa haraka, na kwa siku chache hushinda kwenye titi wakiagiza maziwa ya wiki zijazo. Inachosha, na inapita. Matiti kuwa laini si kwamba yamekauka, ni kwamba mwili umeshajua kipimo cha mtoto na hauna haja ya kujaza mpaka blauzi ilowe. Na ile habari ya kikombe naomba isirudiwe tena, kwa sababu mkono haukamui kama mtoto anavyokamua, hasa mama mzazi akiwa amesimama hapo anasubiri kuhesabu matone. Kanyiva amshike mtoto tumbo kwa tumbo, mdomo ufunguke wazi kabla hajampa, na aingize sehemu kubwa ya ile duara nyeusi, si chuchu peke yake. Akiona mtoto anameza, basi.

Maziwa ya ng'ombe Jumamosi, hapana. Ni mazito kwa figo za mtoto mchanga, yanaweza kumchubua utumbo, na maji na kikombe vinavyokuja nayo ndivyo vinavyoleta kuhara. Tena kila kikombe atakachopewa ni mara moja ambayo hatanyonya, na asiponyonya maziwa yatapungua kweli, hapo mama atasema mnaona, nilisema. Miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hayahitaji. Humo ndani ana chakula, ana maji, na ana kinga dhidi ya kuhara na homa ya mapafu ambayo huwezi kuipata kwenye kopo lolote dukani. Na Kanyiva naye anafaidika, kila mwezi anaonyonyesha unampunguzia hatari ya saratani ya matiti. Ila siku nepi zikipungua ghafla, au mtoto akilegea, akipata homa au akikataa titi, usiniandikie mimi. Mbebe, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Mpaka hapo nimekuwa mpole. Ulafi wako nakusamehe, supu ya kichwa cha mbuzi imeangusha wanaume wakubwa kuliko wewe. Siku ya kumi pia naweza kuielewa, ingawa hiyo sauti ya mchungaji inaniudhi sana. Nisichoweza kukusamehe ni Jumapili. Mke wako alikaa kitandani akiamini mwili wake umemshinda, wewe ukiwa mtu wa pekee duniani mwenye ushahidi kwamba haujamshinda, ukasimama hapo ukasema huna la kumwambia. Ulikuwa nalo. Liliwekwa kinywani mwako kila jioni kwa wiki saba.

Mama mkwe si adui yako. Ni mwanamke aliyeacha shamba lake akaamka kabla ya jua kwa ajili ya binti yake, na anastahili kuambiwa ukweli na mtu anayemheshimu. Kesho Ijumaa Kanyiva amwambie mwenyewe, mtoto akiwa mapajani kwa bibi yake na kijitabu cha kliniki kikiwa mezani. Amwambie pia ni chakula gani anachoweza kula, na kwamba msaada anaouhitaji kuliko wote ni mtu wa kumshikia Mbinya mchana kwa muda wa saa moja ili yeye alale. Wewe heshima yenu usiivunje, mimi si Mkamba na siwezi kukufundisha desturi zako, lakini una shemeji. Leo ukitoka kazini mwite Kyule mkutane nje, si kwake ambako mama analala, umweleze yote, usiruke pilipili, na kesho Kanyiva akishasema akufikishie ombi lako la msamaha na akuambie kwenu mkwe akikosa namna hii anatoa nini. Chochote atakachokutajia, kitoe bila kubishana.

Halafu nenda nyumbani, na thamosi usiiguse. Keti na Kanyiva umwambie kwamba ile siku ya kumi hukuwa unamwonea mama yake huruma. Atakasirika, na ana haki, mwache akasirike mpaka amalize. Akishamaliza, mwambie hivi: kwa wiki saba hakuna tone la ile supu lililopita kooni mwake, na mtoto amekua hivi alivyokua. Kanyiva hakusaidiwa na mbuzi wala na mtu. Ni yeye, kwa mwili wake mwenyewe, na wewe ulikuwa hapo unaona.

Bi. Rispa