Ufunguo ya Namba Saba

Yaya Riziki, mukubwa yangu, jambo yako huko kambini, na jambo ya batoto.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa ngazi ya ile hoteli ya zamani ya hapa Baraka, kwenye tulikuwa tunafua mashuka mbele ya vita. Ingali inasimama! Mabati ya upande moja haiko, na kwa baraza, kwenye bageni balikuwa banakunywa kahawa, leo bamama banaanika ndakala. Barabara yote inanukia samaki. Nimezikula na bukari, ule ugali yetu ya muhogo, mpaka nikaona haya.

Patron, mwenye hoteli, amezeeka, lakini ni yeye yule. Unakumbuka siku ya kukimbia, alipatia kila mufanyakazi ufunguo moja, akasema, "Kila mutu atarudi kufungua chumba yake"? Ile ubao ya misumari ingali kwa ukuta. Batu bane basharudi, banatundika funguo zao. Leo nimetundika yangu, ya tano. Patron akalia, mi nikacheka, halafu tukabadilishana.

Musumari yako, namba saba, iko wazi. Fundi alitaka kuweka kitasa mupya kwa ule mulango. Patron akamukatalia: "Mwenye ufunguo iko muzima. Tutangoja."

Najua ungali unaogopa, yaya. Hata mi niliogopa mpaka mashua ilipogusa muchanga. Mungu akulinde. Na tafazali, ule ufunguo usiutume kwa mikono ya mutu. Uulete we mwenyewe.

Mudogo yako, Sifa