Mwanangu Hunipigia Simu Akiwa Kwenye Usukani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana jambo hili nimelibeba peke yangu mpaka limenielemea.

Mimi ni mjane, fundi cherehani, na mwanangu wa pekee yuko mji mwingine kikazi, hunipigia kila jioni akiwa anaendesha gari kurudi kwake, kwa sababu akishafika kuna mke, watoto na uchovu, kwa hiyo zile dakika za barabarani ndizo zangu, na mimi kutwa nzima siongei na mtu ila wateja wa kupunguza suruali, basi saa kumi na moja ikikaribia naacha kushona, naketi kitandani na simu mapajani kama msichana anayengoja mchumba.

Wiki tatu zilizopita alikuwa ananisimulia jinsi bosi wake alivyokalia benchi lenye rangi mbichi, tukacheka, nikamwambia, "Ngoja, usikate, nami nina la kwako," ndipo nikasikia kishindo, na mwanamke analia, na mwanangu anasema, "Mungu wangu, Mama, sikumwona!" Alikuwa amemgonga mfagiaji wa barabara, aliyekuwa pembeni kabisa mwa njia, hilo mwenyewe alikiri kwangu, lakini kwa polisi alisema kwamba mama wa watu aliingia barabarani ghafla, wakaamini. Mguu wa yule mama umevunjika mahali pawili. Akaniambia, "Mama, yamekwisha, usiyafukue." Kesho yake saa ileile simu ikaita, nasikia honi za magari, na mimi, Mungu anisamehe, nikapokea. Hata jana nilipokea. Nikimkataza najua hatapiga tena. Nifanyeje?

Fundi Mpweke

*

Mama fundi, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika.

Upweke si kosa. Kumwambia dereva "usikate" ni kosa, na kupokea tena kesho yake, hali unajua, ni kosa kubwa zaidi. Mwili wake uko kwenye gari, akili iko chumbani kwako. Sasa gari linaendeshwa na nani? Wala asikudanganye kwamba anatumia vile visikilizio vya masikioni. Kinachompofusha ni mazungumzo.

Leo akipiga, muulize neno moja tu: "Umeegesha?" Akisita, kata. Akipiga tena, kata tena. Atanuna. Mwache anune, anayenuna yu hai.

Halafu yupo yule mfagiaji, amelala na mguu uliovunjika na lawama isiyo yake. Shahidi ni wewe. Mpe mwanao siku tatu aende polisi mwenyewe akaseme kweli. Akikataa, nenda wewe. Najua ni damu yako, lakini yule naye kuna aliyemzaa.

Huenda simu ikanyamaza mwezi mzima, na sitakudanganya kwamba haitauma. Itauma. Saa hizo usijifungie chumbani, toa cherehani barazani ushonee huko, watu wapite wakusalimu.

Mwanao akitaka kweli kukusikia, ataegesha. Asipoegesha, basi, mama, hakuwa akikutafuta wewe. Alikuwa akijiondolea uchovu wa foleni. Kata simu leo.