Suruali ya Abakosi Golini

Duala, Jumapili

Mama yangu,

Salaam alekum. Uko na afya? Goti linakuachilia kushuka mutoni sasa, ao bado watoto njo wanachota maji? Na Baba, amekunja uso bado? Miye niko muzima, ila vidole viwili vya mukono wa kuume vimevimba. Barua hii nimeipa muchuruzi mumoja anayerudi Kindu. Isome polepole, Baba akiwa musikitini.

Kwanza, mambo ya suruali. Dada ameniandikia kwamba Baba anatafuta suruali yake ya abakosi, ile suti ya chama iliyofukuza suti ya Wazungu, ya kuendea mikutano, na kwamba amemwambia Mujomba Ramazani maneno mazito, eti yeye njo ameiiba. Mama, wewe unajua vizuri nani aliiweka ndani ya sakoshi yangu, chini ya samaki kavu. Ulisema Baba ameapa: akisikia magoti yangu yameonekana mbele ya watu, ninarudi Kindu na mupira wa mikono umekwisha. "Basi vaa hii," ukasema. Nikavaa. Naifunga na kamba, maana ndani ya kiuno cha Baba tunaingia wawili.

Sasa mukubwa wa safari ya timu yetu ya Zaire huku Duala ni muntu mumoja wa chama, wa fimbo na miwani; tunamuita sitwayen, yaani mwananchi. Jana kabla ya kucheza akatupanga mustari, akaiona ile suruali. Nikamueleza kwamba mulinzi wa goli anaruhusiwa, hata huko Ulaya wanavaa. Hapo njo nikaharibu kabisa. Akasema hayo mambo ya Ulaya ndiyo chama kimekataza, mwanamuke wa Zaire havai suruali, nivae kaputula kama wenzangu ao nipande ndege.

Huku chama, kule Baba. Nikachukua kikwembe chako, kile kitenge cha kulalia, nikaikunja suruali mpaka chini ya magoti, nikafunga kikwembe juu yake. Nikasimama golini kama muntu anayekwenda sokoni kununua majani ya pondu. Sitwayen akapiga mikono, akasema huyo sasa ndiye mwanamuke wa kwetu.

Tulikuwa tunacheza na wasichana wa Brazza, wale wa ng'ambo ya muto. Mama, ungesikia dada wakubwa wa timu wanavyosimulia. Miaka yote wanasindikizwa uwanja wa ndege na ngoma, wanakwenda, wanafungwa na hao hao wa Brazza, wanarudi kimyakimya bila muntu wa kuwapokea. Mwalimu wa Brazza alipokiona kikwembe akapiga kelele. Mwamuzi akafungua kitabu cha sheria, akasoma mbele na nyuma, hakuona mahali kikwembe kimekatazwa. Tukacheza.

Sikufichi, kikwembe kilisaidia. Mipira mingine ilikwama ndani yake, nikawa naichomoa tu. Mwisho ukakaribia tukiwa mbele na bao moja, halafu mwamuzi akawapa mita saba: muchezaji wao na miye, hakuna mwingine katikati. Yule dada ana mukono wa kutwanga muhogo. Akarusha chini kabisa. Nikatupa muguu, lakini ndani ya kikwembe muguu hauendi mbali. Kikafunguka, kikaruka, kikamfunika mupiga picha. Mupira ukagonga goti la Baba, ukatoka nje.

Tumeshinda, Mama! Wenzangu walilia, wakanibeba. Miye nilikuwa naangalia sitwayen tu, anakuja na fimbo yake. Akauliza nani ameniruhusu kuaibisha Zaire na nguo ya Wazungu. Nikaona ndege, nikaona Kindu, nikamuona Baba mulangoni. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Sitwayen, si ya Wazungu. Ni ya abakosi. Ni ya baba yangu, anaendea nayo mikutano ya chama."

Akaangalia suruali yangu, akaangalia yake. Kitambaa kilekile, rangi ileile. Nyuma yake wakubwa wengine wamesimama, wote ndani ya abakosi, wanangoja aseme kwamba nguo hiyo ni mbaya. Akakohoa. Akaniambia nikaze kamba vizuri, tunacheza tena Jumatano. Leo amekuja kuniambia nisiivue, iko na bahati. Hata kuifua amekataza.

Nisalimie Dada, na Bibi anayenisomea dua. Zaidi nisalimie Mujomba Ramazani, ndugu yako muskini, na umuombe Baba amuendee na maneno mazuri. Kisha mwambie Baba magoti hayakuonekana. Zamani alisema nyumba yake haitatoa muntu wa kuchaguliwa kuchezea Zaire, nami sibishani naye. Lakini suruali yake imechaguliwa, na miye niko ndani.

Mutoto wako wa golini,
Zuena